Safu ya mwisho

"Mama, na wale wanyama wenu walikuwa wanawashwa?"

Mwanangu kaniuliza juzi, mikono yake ndani ya soksi nilizomvisha asijikune. Tetekuwanga imempata ingawa alichanjwa, ila vipele ni vichache, homa kidogo tu. Kosa langu ni kumsimulia habari za simbilisi.

Ndio wale simbilisi, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wa kazi yangu ya kwanza maabara. Tuliwachanja chanjo ya tetekuwanga, tukasubiri wiki kadhaa, tukawatoa damu. Kilichobaki ni sahani ya plastiki yenye vishimo 96, na hiyo ndiyo sijaisahau.

Chini ya kila kishimo imegandishwa protini ya kirusi. Unatia seramu, yale maji ya damu yasiyo na chembe; kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zikiwamo, zinang'ang'ania pale. Unaosha. Unatia kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza, iliyobeba kimeng'enya, protini ya kuchochea badiliko la kikemikali. Unaosha tena kuondoa isiyoshika, halafu unatia kimiminika kisicho na rangi, ambacho kimeng'enya hukigeuza buluu, na kungoja. Safu ya mwisho niliwawekea simbilisi wasiochanjwa, na hiyo ilitakiwa ibaki kama maji.

Safu za juu zikaanza: buluu hafifu, kisha buluu ya wino. Nikatabasamu peke yangu. Halafu kishimo kimoja cha chini kikapata kivuli. Cha pili. Safu nzima ikageuka mbele ya macho yangu, taratibu, kama nguo inayochuja rangi kwenye beseni. Nikamwaga asidi ya kusimamisha, buluu yote ikawa njano, nami jasho linanitoka ndani ya glovu.

Fundi wetu mzee akainamia sahani. "Binti, umeosha mara ngapi?"

"Tano."

Nilikuwa nimeosha mara mbili. Hakubishana. Alinisogezea sahani mpya na chupa ya maji ya kuoshea, akaondoka. Ya pili ikatoka safi, na ndiyo iliyoingia kwenye ripoti. Sikumwambia kitu. Nadhani alijua.

Kuhusu kuwashwa, nilimjibu mtoto ukweli: kirusi hiki ni cha binadamu, simbilisi hakimsumbui sana. Hata kile cha chanjo, Michiaki Takahashi alipokuwa akikidhoofisha kule Japani miaka ya 1970, alikipitisha kwenye seli za vijusi vya simbilisi. Sisi tulipima kingamwili, siyo ugonjwa.

"Sasa mlijuaje kama mimi sitaumwa?"

Soksi ya kulia ilikuwa imechomoka tena. Nikaanza na hiyo.