Nilishika shati
Nina leseni ya bastola mwaka wa tisa sasa. Ukifanya udalali wa tanzanite kati ya Mirerani na Arusha mjini, hutembei na pesa za watu mikono mitupu. Ila niseme ukweli: miaka saba ya kwanza sikufanya zoezi hata moja. Nilidhani kuwa nayo kiunoni inatosha.

Aliyenizindua ni afande mmoja mstaafu kule Njiro. Alinisimamisha uani kwake, bastola tupu, akarudi nyuma hatua tisa na mwiko mkononi badala ya kisu. "Mzee, nikianza kukimbia, toa." Nikapeleka mkono kiunoni, nikashika shati. Shati! Mwiko ulikuwa kifuani kabla sijagusa chuma. Polisi Mmarekani, Dennis Tueller, aliliandika hili tangu 1983: mwenye kisu humaliza futi 21 kwa takriban sekunde moja na nusu.

Siku hizi kila Jumatano usiku nafanya mazoezi makavu, yaani ya kutoa bastola bila risasi. Risasi nazifungia chumba kingine, nakagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa jicho na kwa kidole, kisha mkono wa kushoto unavuta shati hadi mbavuni, wa kulia unashuka. Kidole nje ya triga. Mara ishirini, polepole. Mke wangu ananicheka, eti nacheza sindimba.

Masomo mengi ya afande hata hayahusu kutoa silaha: badili njia, usihesabu pesa garini, ukiona pikipiki ileile mara mbili ingia kituo cha mafuta. Wiki ijayo tunarudia mwiko, safari hii nikiwa na koti la mvua.