Nilivyotibu kidonda cha mbuzi bila kumuunguza na mafuta

Mtu akikwambia "mimina tu, ni ya asili, hayana madhara," mwulize kama sumu ya nyoka inatengenezwa kiwandani. Hilo ndilo jibu nililompa mshauri wangu mmoja, mfugaji mwenzangu, alipokuja na kichupa cha mafuta ya kunukia na kutaka yamwagwe matupu kwenye kidonda cha mbuzi wangu.

Mbuzi alikuwa amechanwa paja na waya. Daktari wa mifugo alikwisha kumwona, akasema kimechelewa kushonwa, akamchoma sindano ya pepopunda, akaniachia kazi ya kuosha na kuangalia. Mafuta ya mimea hakuyakataa. Masharti yake: yapunguzwe makali, yapakwe pembeni tu, yasiguse nyama iliyo wazi, na usaha ukionekana nimpigie simu, nisianze kujifanya daktari.

Mshauri alikuwa na dawa ya pili: matone kadhaa ndani ya maji ya vuguvugu, kisha unamwagia. Hapo nikamwambia tujaribu kwenye glasi kwanza. Tukadondosha, tukakoroga, tukakoroga tena. Mafuta yakaelea juu kama yamelipiwa kiti cha mbele! Ina maana ukimwagia kidonda maji yale, sehemu moja inapata maji matupu, nyingine inapata mafuta makali vilevile yalivyotoka kwenye chupa. Akanywea kidogo. Lakini hakukata tamaa, akatoa mafuta ya ganda la limau, akayatia kwenye kikombe cheupe cha povu, vile vyepesi vya kunywea chai. Tukiwa bado tunabishana, kitako cha kikombe kikaanza kulainika, kikanyonyoka, mafuta yakatiririka mezani. Mafuta ya limau yana kemikali nyingi iitwayo limonini, na limonini huyeyusha plastiki ya aina ile. Nikamtazama tu. Hayo ndiyo aliyotaka niyatie kwenye nyama ya mnyama.

Sisemi mafuta haya ni bure. Thaimoli ya kwenye thaimu na kavakroli ya oregano, kemikali za majani hayo ya kiungo, hutoboa utando wa bakteria hadi vilivyomo ndani vikavuja. Mafuta ya mti wa chai wa Australia nayo yana terpineni-4-oli, inayofanya kazi hiyohiyo. Maabara huloweka kikaratasi kwenye mafuta, hukiweka juu ya sahani yenye bakteria, kisha hupima duara ambamo hakikuota kitu. Ila sahani haina damu, haina usaha, haina mnyama anayejilamba. Protini na mafuta ya mwilini hupunguza nguvu za dawa hizi, na ukizidisha kipimo ili kufidia, chembe za nyama changa nazo zinatobolewa. Kuna na kijidudu kinaitwa Pseudomonas aeruginosa ambacho mengi ya mafuta haya hayakitishi. Ukiona usaha wa kijani wenye harufu tamutamu, acha chupa, mpigie daktari.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuosha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi gramu 9 kwa lita, bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yenyewe, unapuliza kwa nguvu ya wastani mpaka taka zitoke. Kabla ya kunyoa manyoya, jaza kidonda shashi iliyolowa maji ya chumvi. Nywele zote zitanata kwenye shashi, ukiitoa zinatoka nayo. Ujanja huu najivunia kuliko mafuta yote, maana nywele moja tu ikibaki ndani inakurudisha nyuma.

Mafuta nilichanganya hivi: mililita 30 za mafuta ya alizeti na matone 6 ya mti wa chai, karibu asilimia 1. Chupa ni ya kioo cheusi, kwa sababu mwanga na hewa huyachakaza, na yaliyochakaa huwasha ngozi zaidi. Nilijaribu kwanza upande wa ndani wa sikio, nikasubiri hadi kesho yake, nikaona hapajawa pekundu. Ndipo nikapaka pete nyembamba kwenye ngozi nzima inayozunguka kidonda. Nzi hawakuipenda harufu ile hata kidogo, na kwangu hiyo ndiyo faida niliyoiona kwa macho. Ili asijilambe, nilikata kitako cha ndoo nikamvisha shingoni. Alininunia vibaya mno.

Paka usimpake kabisa. Ini lake halimudu kuvunja kemikali za namna hii, na atajilamba tu. Mbwa naye akipakwa mafuta matupu ya mti wa chai huweza kutetemeka na kulegea miguu, kwa hiyo chupa ikae juu.

Nyama nyekundu yenye chembechembe ikapanda kutoka chini, kingo zikasogeleana, kigaga kikadondoka chenyewe. Kilichonishangaza ni maziwa: yalinuka kama kabati la dawa, kwa kuwa harufu huingia kwenye maziwa upesi. Niliyamwaga yote mpaka nilipoacha kupaka. Mshauri wangu, kwa taarifa yenu, anawasimulia watu kwamba yeye ndiye aliyemponya mbuzi huyo.