Nilivyovuka miezi mitatu ya Ziwa Tanganyika kufungwa

Mimi nauza dagaa wa Kigoma pale soko la Majengo, Dodoma. Mwaka 2024, kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, mwenzangu wa meza aliniambia, "Dada, usijitese. Watafunga Kigoma tu, mzigo utapitia Burundi." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Makubaliano ya kufunga ziwa ni ya nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Na ndivyo inavyotakiwa, maana dagaa wa leo Kigoma kesho yuko upande wa Kongo. Mmoja akipumzisha nyavu mwingine akivua, samaki watazaliana saa ngapi?

Nikachukua mkopo wa kikoba, nikanunua mapema. Magunia mawili ya kwanza yaliniliza. Yalifika Aprili, mvua haijakata, nami nikayafunga kwenye nailoni nikayaegemeza ukutani. Wiki mbili baadaye nafungua: harufu, ukungu, dagaa wameshikana bonge, ule weupe wa kung'aa umekuwa kahawia. Yakaenda kwa wa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Yaliyobaki nikayatoa yote uani, nikayaanika upya juu ya chanja. Jua na upepo wa Dodoma wa Juni ni mali, jamani! Unamvunja dagaa mmoja: akipinda, rudisha juani, akikatika "ta!", amekauka. Kabla umande haujashuka nilishaingiza ndani. Nikachekecha mchanga na vipande, nikafunga kwenye magunia ya katani, nikapanga juu ya chaga mbali na ukuta, na kila baada ya wiki kadhaa nikarudia kuanika. Halikuharibika tena hata gunia moja.

Dagaa wa Mwanza niliuza pia, ila fungu lao peke yao. Mtu wa Kigoma huwezi kumdanganya. Waliochanganya walipoteza wateja. Wa Kigoma niliacha kuuza kwa sado, nikawa napima kwa kopo ili kila mteja apate.

Agosti 15 wenzangu walifagia meza wakisubiri mzigo. Mimi nilikuwa nimeficha nusu gunia, kwa sababu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na wiki ile mbalamwezi ilikuwa inajaa; kukiwa na mwanga wa mwezi, taa haziwavuti vizuri. Mama anayenitumia mzigo akanipigia: "Mdogo wangu, ziwa limefunguliwa, lakini mpaka giza lirudi." Hilo nusu gunia ndilo lililomalizia deni la kikoba.