Usiku walipolifungia Dira

Tarehe 24 Novemba imepita tena na sikumsikia mtu hata mmoja akilitaja Dira. Wa rika langu hapa Unguja wanalikumbuka. Waliozaliwa baadaye ukiwaambia palikuwa na gazeti ambalo ukichelewa Darajani hulipati, wanakutazama tu. Basi acha nisimulie la usiku ule, maana bibi hakuandika kitabu wala hakuna aliyewahi kumhoji.

Mwaka ule wa 2003 tarehe hiyo iliangukia Jumatatu, kumi la mwisho la Ramadhani linamalizika, kila mtu anaulizia mwezi. Nyumba ya Vikokotoni ilikuwa inanuka iliki na samli. Tumeshafuturu, vyombo bado, bibi kakalia mbuzi anakuna nazi. Ami akaingia bila hodi, hata kiatu hakuvua.

"Mama, Dira wamelifungia."

Bibi hakuacha kukuna. "Nani?"

"Serikali. Wanasema linachochea, linatia watu chuki."

Bibi akaendelea mpaka kifuu kikabaki cheupe, akakiweka pembeni, akanawa mikono. Kisha akaniambia nimletee ufunguo wa kasha.

Niseme kwanza gazeti lenyewe lilikuwa nini kwake. Dira lilitoka mwisho wa mwaka 2002, mara moja kwa wiki, mhariri wake Ali Nabwa. Lilikuwa gazeti la kwanza la watu binafsi Zanzibar tangu Mapinduzi ya 1964. Karibu miaka arubaini watu walikuwa wakisoma la serikali au yale yanayoshuka na boti kutoka Bara, halafu ghafla likaja linalozungumza habari za mtaani kwao, kwa Kiswahili chao. Bibi alilinunua kwa pesa za vitumbua vyake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea. Yeye alisomea chuo cha Qur'ani, kaihitimu, na barua alikuwa akiandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu hakufundishwa. Basi kila Ijumaa, wanaume wakisharudi msikitini na sahani zikishaondolewa, ananiita. "Anza na barua za wasomaji. Habari za wakubwa baadaye."

Na hakuwa mgeni wa magazeti. Alikulia zama ambazo visiwa hivi vilikuwa na Al-Falaq, Mwongozi wa Sheikh Ahmed Seif Kharusi, Afrika Kwetu, Samachar na Zanzibar Voice, na sensa ya 1958 ilihesabu watu 299,111 tu. Kila upande na gazeti lake, na maneno yake makali. Kaka yake alikuwa na baraza ya kahawa, na jioni mmoja husoma, wengine husikiliza na kubishana. Bibi na wanawake wenziwe walikuwa nyuma ya dirisha. Hivyo ndivyo alivyosikia, mwaka 1954, Waingereza walipowafikisha mahakamani viongozi wa Jumuiya ya Waarabu kwa uchochezi, kwa sababu ya makala za Al-Falaq. Aliniambia mara nyingi: "Miaka yote ile mimi nimelisikia gazeti dirishani, na hakuna aliyeniuliza nataka lisomwe lipi."

Kwa Dira, yeye ndiye aliyekuwa akiamrisha. Akisema rudia, narudia. Akisema ruka, naruka. Nilikuwa kijana wa sekondari na wakati mwingine roho inataka mpira, lakini nilikuwa naona uso wake unavyobadilika akisikia barua ya mtu wa Makunduchi au wa Wete, mtu asiyemjua, anasema jambo ambalo yeye bibi alilisema jikoni wiki iliyopita. Sijapata kuona tena mtu akifurahi namna ile kwa sababu ya karatasi.

Turudi kwenye kasha. Bibi alitoa kanga za juu, akatoa doti mbili mpya za Idi, chini yake yakatoka magazeti. Nilidhani ameyaweka kama watu wanavyoweka, yatandikiwe kabati au yafungiwe bizari. La. Yalikuwa yamekunjwa mara mbili, yamepangwa kwa mfululizo, na kila moja juu ukingoni lina maandishi ya kalamu ya risasi. Herufi za Kiarabu, ndogondogo, zimelala kidogo kushoto kama mkono wake ulivyokuwa. Nikayasogeza kwenye taa. Tarehe ya mwezi wa Kiislamu, kisha maneno mawili matatu. "Maji." "Wanafunzi wa Pemba." Hiyo Pemba kaiandika kwa be, herufi ya b, mwanzo na mwisho, maana Kiarabu hakina p, kama wazee wengi walivyoandika. "Barua nzuri ya mwalimu." "Bei ya karafuu." Juu ya moja kaandika "uongo", na chini yake kapiga mstari.

Kumbe kila Ijumaa nikishaondoka, alikuwa akikaa peke yake na gazeti asiloweza kulisoma, anakumbuka niliyomsomea, anaandika. Mimi nilijiona ndiye msomaji wa nyumba ile. Nilisimama na lile karatasi mkononi, nisijue la kumwambia.

"Soma," akasema.

Nikasoma barua moja, ya maji. Tulikuwa tumeshaisoma. Alisikiliza kama ndiyo kwanza imefika.

Ami alikuwa bado kasimama mlangoni. Alikuwa na kazi serikalini, na wakati ule mtu akipoteza kazi kwa mambo ya siasa hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. "Mama, yachomwe haya. Nna watoto wanne."

"Nimeyanunua kwa pesa zangu," bibi akajibu. "Hayakuibwa."

"Najua, mama."

Wakanyamaza wote wawili. Kwa mbali kwenye msikiti tarawehe ilikuwa imeanza. Kisha bibi akakaa chini kwenye mkeka, akayachukua magazeti, akaanza kuyagawa. Anasoma ukingo wake, anaweka kulia. Anasoma, anaweka kushoto. Hakuniuliza kitu. Kushoto lilikwenda kila lenye jina la mkubwa, kila lenye siasa, kila lenye habari za zamani za visiwa hivi. Kulia yakabaki maji, karafuu, wanafunzi na barua. Lile lililoandikwa "uongo" alilishika kwa muda, akaliweka kulia.

Fungu la kushoto akampa ami. Yaliwashiwa jiko uani usiku uleule, na mkaa wake ndio uliopikia mkate wa mayai.

Idi ikaja, watoto wakaenda Mnazi Mmoja. Dira halikurudi. Ali Nabwa, ambaye idara ya uhamiaji ilishasema si raia, alifariki 2007. Bibi alimfuata baada ya miaka michache, na kasha likaja kwangu kwa kuwa ndivyo alivyousia.

Ami sasa amestaafu. Mwaka jana alikuja, akaomba kuyaona. Aliyafungua moja moja, polepole, na nikatambua kwamba anatafuta yale aliyoyachoma. Alipomaliza alisema mshahara ule ndio uliotusomesha sote, na mimi pia nimo. Ni kweli. Nikamwambia bibi mwenyewe ndiye aliyegawa. Na hilo pia ni kweli, ila halikumtuliza, wala mimi halinitulizi. Sijui bibi alifanya vile kwa kumhurumia mwanawe, au kwa sababu alijua kwamba mambo ya wakubwa yataandikwa na wengine lakini maji ya Vikokotoni hayana mwandishi. Huenda natafuta tu sababu nzuri ya moto ule.

Nimeshashauriwa niyapeleke Nyaraka, hifadhi ya kumbukumbu pale Kilimani. Pengine ndipo mahali pake. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 1,889,773, na jambo la wote hawa halifai kukaa ndani ya kasha la mtu mmoja. Ila kwanza nataka maandishi ya ukingoni yanakiliwe. Binti yangu yuko madrasa, herufi anazijua, anababaika pale tu bibi anapoandika be akikusudia pe. Tunakaa Ijumaa baada ya chakula: yeye anasoma ukingo, mimi nasoma gazeti, tunaandika kwenye daftari. Tumefika toleo la Machi.