Jinsi nilivyouza besi yangu isiyo na freti

Miezi mitatu gitaa langu la besi, lisilo na freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), lilikosa mnunuzi. Waliokuja kuijaribu nyumbani Sinza walipiga noti mbili tatu, wakakunja uso: "Kaka, hii haishiki tyuni. Na vyuma umeving'oa vya nini?" Iliniuma. Nimeipigia harusi na ibada miaka tisa.

Siku moja nikaacha kutetea bei, nikatazama vidole vyao. Kwenye besi ya kawaida unabonyeza nyuma kidogo ya freti, chuma kinamalizia kazi. Kwenye hii, kidole kinakaa juu ya mstari wenyewe, ule uliochorwa mahali pa freti. Ukirudi nyuma hata kidogo, noti inashuka.

Besi nayo ilikuwa na lake. Shingo ilishapinda mbele, nyuzi zikakaa juu mno, na kuzibonyeza kukawa kunapandisha noti. Nikakaza chuma cha ndani ya shingo kwa ufunguo wa alenki, robo mzunguko tu, nikaiacha ilale, asubuhi nikapima tena. Nikafunga nyuzi bapa, zile laini zisizokwaruza ubao.

Aliyefuata alikuwa mzee wa bendi za dansi, wa Magomeni. Kabla ya bei, nilimwomba aburuze kidole kutoka mstari wa tano hadi wa saba. Sauti ikapanda kama mtu anayeimba. Mzee akafumba macho, akarudia. Tukamzungumza Jaco Pastorius, yule bingwa wa besi isiyo na freti, hadi chai ikapoa.

Alilipa taslimu. Nilimpa na kitambaa cha kufutia nyuzi. Jumamosi nakwenda kumsikiliza.