Yai kwenye tuta la mchicha

Jamani asubuhi hii nachuma zangu mchicha nyuma ya nyumba si nikakuta yai, dogo halizidi ncha ya kidole gumba, buluu ya kupauka lina vidoa vya kahawia na ufa upande mmoja. Mpwa wangu akatoka nduki eti la nyoka 😂 nyoka gani anataga yai la buluu mwanangu.

Kuangalia juu nikaelewa, mnazi umejaa viota vya minana, wale wa njano wenye uso mweusi, kelele kutwa nzima na makuti wameyachana yamebaki njiti tupu. Nikampigia kaka yangu mmoja anatembeza watalii, ndo akanimaliza kabisa: kumbe kila jike la mnana lina rangi yake ya yai, huyu meupe, yule kijani, mwingine buluu yenye madoa, na haibadiliki maisha yake yote. Sababu ni kekeo, yule ndege mjanja anayepita kutaga kwenye viota vya wenzie ili walelewe wanae bure, sasa mama mwenye kiota akiona yai halifanani na yake analitupa nje bila huruma. Yani wana usalama wa taifa wao huko juu!

Hili sijui lilitimuliwa au upepo tu. Mama anataka viota vyote viangushwe, nimemwambia asubiri kwanza wamalize kulea, nazi zenyewe za mnazi ule tunazila lini?