Siku yangu na machungwa, Tabora

Saa 11 alfajiri. Juni hii baridi inauma vidole. Jikoni kuna chupa mbili: mawese ya Kigoma yameganda, alizeti inamiminika. Nilipokuwa nasoma stashahada ya kilimo, chupa kama hizi ndizo zilinifungua akili. Baridi ikiingia, mimea mingi huongeza mafuta yasiyoganda upesi kwenye utando wa seli, ili utando usikakamae. Hata ganda la tunda halikai na mafuta yale yale mwaka mzima.

Saa 12 na nusu napokea viroba vya machungwa ya kuuza.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nimechuma jana jioni, na vikonyo vyake.”

Napitisha kidole gumba kwenye kila ganda. Kuna utelezi mwembamba, nta. Watu wa Tabora tunaijua nta ya nyuki. Hii ya chungwa inazuia maji ya tunda yasipotee. Huongezeka tunda linapokua. Likipitiliza mtini, nta hupata nyufa ambazo jicho halizioni, na kwa upepo huu wa kiangazi linasinyaa haraka. Hayo yaliyopitiliza nayatenga, lazima yaishe leo.

Mwaka juzi niliyaosha yote kwa maji ya moto na sabuni ili yang’ae. Siku ya nne yalikuwa yamekunjamana, mtaji wa wiki nzima ukapotea. Niliumia sana. Sasa napangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Saa 4. “Mwanangu, mbona ya kijani? Si mabichi haya?”

“Hapana mama, onja kwanza.” Namenya moja. Usiku wetu mwingi hauna baridi ya kutosha kuondoa ukijani, ila ndani limeiva. Ameonja, amechukua kumi.

Saa 9 jirani muuza soda kanipa nafasi kwenye friji yake. Nimeshukuru, lakini ndimu na mabalungi sikuyaweka: baridi ikizidi, ganda linaingia madoa. Balungi la katikati ya msimu huvumilia baridi zaidi kidogo kuliko lile la mwanzo.

Saa 2 usiku umeme umekatika. Mwanangu anakamua ganda mbele ya mshumaa, cheche zinaruka.

“Mama, hiyo ndiyo nta?”

“Siyo baba. Hayo ni mafuta ya harufu, mengi yake limonini, yanakaa kwenye vifuko vidogo ndani ya ganda. Nta iko juu kabisa, haiwaki hivyo.”

Akachukua ganda jingine, akaanza kulikwangua kwa ukucha, akiitafuta.